Somo: Kusikiliza Mashine ya Kufulia ya Zamani Kabla ya Kuifungua

Mtu anayepata mashine ya kufulia iliyotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1980 hushtushwa kwanza na kelele zake. Mashine hizi hufanya kazi kwa gia, mikanda, sumaku na swichi zinazoonekana kwa macho, na kila kimoja kina mlio wake. Milio mingi ni ya kawaida, na kazi ya fundi ni kuutenga ule mmoja ambao si wa kawaida. Niliwahi kung'oa beringi, yaani vyuma vya duara vinavyoiwezesha ngoma kuzunguka kwa wepesi, ambazo hazikuwa na kasoro yoyote, kumbe kilichokuwa kikikwaruza ni kifungo cha shati kilichonasa kati ya ngoma na pipa la nje. Tangu siku hiyo sishiki spana kabla ya kufuata hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Ngoma kwa mkono. Chomoa plagi, toa nguo zote, kisha zungusha ngoma polepole. Mkwaruzo unaorudi mahali palepale katika kila mzunguko humaanisha kitu kilichonasa. Mngurumo unaodumu mzunguko mzima, kama changarawe inayosagwa, hutoka kwenye beringi. Shika pia mdomo wa ngoma uitikise juu na chini. Ikiwa inacheza ilhali pipa la nje limetulia, beringi zimelika.

Hatua ya 2: Vua mkanda. Zungusha mota peke yake, halafu ngoma peke yake. Mlio uliobaki upande mmoja umekwisha kujitambulisha, na umeokoa nusu ya kazi.

Hatua ya 3: Kujaza maji. Rudisha mkanda na uwashe. Utasikia mnong'ono mwembamba wa taima, ambayo ni mota ndogo inayosukuma gurudumu lenye meno, pamoja na mibofyo ya swichi zake. Vali ya maji huvuma kwa sababu sumaku yake huvuta mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, yaani mara 100 kwa sekunde penye umeme wa 50 Hz na mara 120 penye 60 Hz. Kishindo cha mabomba vali inapofunga husababishwa na maji yaliyosimamishwa ghafla, na tiba yake iko kwenye mabomba wala si kwenye mashine.

Hatua ya 4: Kufua. Katika mashine za Whirlpool za mkanda, sumaku mbili zilizo juu ya gia hupokezana kuvuta vyuma vyake, moja kwa ajili ya kufua na nyingine kwa ajili ya kukamua, nazo hutoa mgongano mkavu ambao wapenzi wa mashine hizo, nami nikiwemo, huutambua hata wakiwa chumba cha pili. Usiutafutie dawa.

Hatua ya 5: Kukamua. Hapa ndipo ubovu mwingi hujitokeza, na jaribio lenye faida kuliko yote ni kukata umeme ngoma ikiwa katika kasi ya juu. Mvumo unaonyamaza papo hapo ni wa umeme ndani ya mota. Mngurumo unaoendelea na kushuka pamoja na kasi ya ngoma ni wa beringi, mkanda au puli. Jaribio hili halifai kwa mashine zinazofunga breki pindi umeme unapokatika, kwa kuwa breki huja na mlio wake. Vishindo vya pipa kugonga ubavu wa mashine hutokana na nguo zilizorundikana upande mmoja, au springi na vizuia mtikisiko vilivyochoka. Tatizo hilo ni la tangu mwanzo: mashine za Bendix za mwaka 1937 hazikuwa na springi za kubeba pipa, hivyo zilifungwa sakafuni kwa bolti.

Maswali ya wanachama

Swali: Mota yangu hutoa "tak" moja inapoanza na nyingine inapokaribia kusimama. Je, inakufa?

Jibu: Hapana. Ndani yake mna swichi inayosukumwa na mzunguko wenyewe. Mota inapofikia takriban robo tatu ya kasi yake, swichi hukata waya wa kuanzia, na kasi ikishuka hujirudisha. Wasiwasi uanze siku ambayo "tak" ya kwanza haisikiki na mota inavuma kwa uzito, kwani waya huo huungua upesi ukiachwa na umeme.

Swali: Mota inavuma lakini haizunguki kabisa.

Jibu: Zima mara moja. Chomoa plagi, vua mkanda, na uhakikishe kwamba mota inazunguka kwa mkono bila kukwama. Ikiwa ni nyepesi, chunguza kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme ya kuisaidia mota kuanza), kama ipo, na ile swichi ya kuanzia. Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo itoe chaji kwanza kwa kutumia rezista, wala usiiguse kwa vidole.

Swali: Mkanda unalia kama filimbi. Naweza kuupaka sabuni?

Jibu: Sabuni huficha mlio na kuongeza kuteleza. Tazama kingo zake: zikiwa zinang'aa kama kioo, mpira umeungua na mkanda mpya unahitajika. Kagua pia kama puli zote zinazunguka kwa wepesi, maana pampu iliyokwama hufanya mkanda mzima ulie.

Swali: Beringi zikinguruma, haitoshi kuongeza grisi?

Jibu: Grisi hutuliza kelele kwa siku chache tu. Mara nyingi kilichoua beringi ni maji yaliyopita kwenye sili (mpira unaozuia maji kufikia beringi) iliyochakaa, kwa hiyo badilisha sili na beringi kwa pamoja, na usugue kutu kwenye shafti mahali sili inapokaa. Shafti iliyochimbika itaikata sili mpya vilevile. Mashine zenye bushi (pete laini) za shaba badala ya beringi ni habari nyingine: hizo huhitaji oili, na kilio chao kikavu hunyamaza zikiipata mapema.