Kuandaa Mwani na Jongoo Bahari kwa Mlo wa Nyumbani

Zanzibar imelima mwani wa biashara tangu mwaka 1989, kuanzia Paje na Jambiani, lakini sehemu kubwa ya mavuno hukaushwa na kusafirishwa kwenda viwanda vya ng'ambo, na ni kidogo tu kinachofika jikoni. Zao hili halihitaji mbolea wala maji ya kisima, nalo lina nyuzinyuzi na madini kwa wingi. Kwa uzoefu wangu, kinachowafanya watu waukatae mezani ni uanikaji mbaya kuliko ladha yake.

Hatua ya kwanza. Tenga mwani wa kula tangu unapouvuna wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Chagua matawi machanga yenye rangi moja na uyaache yaliyopauka na kulegea, kwani yameshaingiwa na maradhi, kisha suuza palepale kwa maji ya bahari mpaka mchanga uishe.

Hatua ya pili. Anika juu ya chanja, kamwe si mchangani wala kando ya barabara, ambako vumbi na kinyesi cha mbuzi hushikamana nao. Mvua ikitishia, ufunike. Mwani uliokauka vizuri hukunjika kama mpira bila kutoa maji, na chembe nyeupe za chumvi huonekana juu yake, ukung'ute.

Hatua ya tatu. Roweka kwa maji safi ya kunywa, ukiyabadilisha hadi ukionja tawi usikute chumvi. Maji ya mwisho yatie ndimu ili kukata harufu. Kwa kachumbari, uchovye katika maji ya moto kwa muda mfupi sana, uchuje, kisha uchanganye na kitunguu, nyanya na pilipili. Ukichelewa kuutoa utaanza kuyeyuka, na huko kuyeyuka ndiko tunakokutaka tukipika kitu kitamu: chemsha kwa moto mdogo, chuja kwa kitambaa, tia tui na sukari, uache ugande. Kati ya aina mbili za mwani tunazolima, kotonii hugandisha kwa ugumu na spinosamu kwa ulaini. Na kwa kuwa kotonii haistahimili joto la bahari ya sasa, wengi mtakuwa na spinosamu. Mwani una madini joto, hivyo mwenye maradhi ya tezi la shingo amwone daktari kwanza.

Hatua ya nne. Jongoo bahari, mnyama laini anayetambaa chini baharini, ameadimika kwa kuvuliwa kupita kiasi ili auzwe Uchina, kwa hiyo nunua jongoo mchanga, yaani aina inayoishi mchangani, kwa mfugaji mwenye kibali. Wapo wanaomfuga ndani ya uzio chini ya mwani, kwa kuwa hula mabaki yaliyomo mchangani na hahitaji chakula cha kununua. Mpasue, toa utumbo, mchemshe, halafu msugue kwa majani ya mpapai hadi ngozi ya nje yenye chembechembe za chokaa itoke. Ikibaki, utahisi unatafuna mchanga. Mchemshe tena mpaka alainike, katika sufuria isiyo na mafuta. Nyama yake ina protini nyingi na mafuta kidogo, ila haina ladha kubwa. Ikate vipande vyembamba na uimalizie katika mchuzi mzito wa tangawizi na kitunguu thomu.