Kusomea uuguzi ukiwa mzazi na una kazi: anza kwa kupanga zamu za usiku

Wanawake tuliouza nao vitenge hapa Busia, Uganda, wakitaka kuingia uuguzi, swali lao la kwanza huwa karo. Mimi huwauliza: ukiwa zamu ya usiku, nani atalala na wanao? Darasani utatoka jioni kama mfanyakazi mwingine yeyote. Wodini sivyo. Sehemu kubwa ya mafunzo iko hospitalini, na zamu haiahirishwi kwa kuwa mtoto wako naye ana homa.

Basi kabla hujanunua fomu, mpate mtu huyo na mzungumze mpaka mwisho. Mimi nilimwomba mama mkwe aje kutoka Tororo. Nilimwambia mbele ya mume wangu, "Mama, hii si ya wiki moja, ni miaka miwili na nusu." Akaniuliza kuku wake atamwachia nani. Tulipanga na hilo la kuku, kwa sababu bila hivyo angerudi kwao baada ya mwezi na mimi ningeacha masomo. Ukutani tulibandika karatasi: zamu zangu za wiki, namba ya bodaboda tunayemwamini, na kituo cha afya cha kumpeleka mtoto usiku.

Kisha toa vyeti vyako uvisome. Kozi ya cheti huchukua miaka 2 na nusu na huingiwa kwa matokeo ya S4, yaani kidato cha nne. Wataangalia Kiingereza, hisabati, biolojia, kemia na fizikia. Aliyemaliza S6, kidato cha sita, na kufaulu biolojia na kemia aulizie diploma, miaka 3. Angalia majina herufi kwa herufi. Wengi wetu tuliolewa tukachukua jina la mume kwenye kitambulisho cha taifa, huku cheti cha UNEB, baraza la mitihani, kina jina la nyumbani. Oanisha majina hayo kisheria mapema, maana yatakusumbua kila mlango utakaobisha.

Kuhusu shule, usiamini bango. Uliza Baraza la Wauguzi na Wakunga kama inatambuliwa, maana ndilo litakalokupa namba ya indeksi ukiwa mwanafunzi na baadaye kukusajili kuwa muuguzi. Jirani yangu alilipa muhula mzima kwenye shule isiyo na kibali, na pesa ile ilikuwa ya ng'ombe wa baba yake. Inaniuma mpaka leo. Uliza pia kama ni lazima kulala bwenini, na mwombe bursa, mtunza fedha wa shule, orodha ya malipo yote: sare, mitihani, nauli ya kwenda mazoezini. Mwambie wazi kwamba unalipia na watoto, mpange awamu zisizogongana na mwanzo wa mihula yao. Kibanda usikiuze. Mkabidhi mtu, mwandikiane hesabu, kiendelee kulisha nyumba.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B usiisubiri. Unapimwa kwanza, kisha sindano ni 3: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ukifika mwezi wa 6. Ukianza siku unayoomba nafasi, huenda utakuwa umemaliza au unakaribia kumaliza kabla hujashika sindano ya mgonjwa. Wewe ni mzazi. Ugonjwa huo usiupeleke nyumbani.

Hesabu ndiyo inayowatisha waliokaa muda mrefu nje ya shule, nami nasema inafundishika. Chukua hii: lita 1 ya dripu iishe kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa mililita. 1000 mara 20 ni 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata kama matone 42 kwa dakika. Nilikuwa nafanya hesabu za namna hii kibandani wateja wakipungua, nyuma ya risiti, na binti yangu akinisahihisha. Nunua saa yenye mshale wa sekunde, maana matone na mapigo ya moyo utayahesabu kwa macho yako.

Ukifaulu, usikubali kuajiriwa kabla hujasajiliwa na kupata leseni, hata kliniki ikikubembeleza. Mwenye cheti anaweza kurudi baadaye kusomea diploma kwa mwaka 1 na nusu. Mimi nasubiri mtoto wangu wa mwisho amalize P7, darasa la saba, halafu nirudi. Mama mkwe nimeshamwambia.