SOMO: Kutoka LLB (digrii ya kwanza ya sheria) hadi kuapishwa kuwa wakili (Tanzania Bara), na pale nilipokwama mimi

Wakuu, salaam.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Bro, nimemaliza sheria, nafanyaje niwe wakili?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakutumia uzi huu, usinune.

1. Maliza LLB kwenye chuo kinachotambulika. Miaka 3 au 4, kutegemea chuo.

2. Omba Law School, shule ya mafunzo ya uwakili kwa vitendo, pale barabara ya Sam Nujoma, Dar. LLB peke yake haikufanyi wakili.

3. Soma mwaka wako mmoja hapo Law School. Mnaanza darasani, kisha mnatawanywa mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Mnakumbuka 2022: kati ya watahiniwa 633 walifaulu moja kwa moja 26 tu, wengine sapu (kurudia mitihani), wengine disko (kuondolewa masomoni), mpaka waziri wa sheria akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dkt. Mwakyembe. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Nionavyo mimi, wengi tulitoka chuo tunajua kukariri kesi lakini hatujawahi kushika jalada. Ukiwa bado chuo, nenda mahakama ya wilaya ukakae benchi la nyuma. Bure kabisa.

4. Peleka maombi ya uwakili kwa Jaji Mkuu. Hapa sasa tulieni.

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Ramadhani, cha form four kinasema Ramadhan. Herufi moja. Nikajiambia mimi mwanasheria bwana, hati ya kiapo naandika mwenyewe usiku huu huu. Nikaandika aya tano safi, asubuhi nikampelekea wakili ninayefahamiana naye, akasaini na kugonga muhuri huku anaongea na simu. Nikawasilisha. Karani akaifungua, akaweka kidole chini ya ukurasa: "Imeapwa mbele yangu hapa ............" Nukta tupu. Tarehe ipo, mahali hapapo. Akanitazama: "Na wewe ndiye unayeomba uwakili?"

Hadi nilipomaliza kurekebisha, awamu ile ya kuapishwa ilikuwa imenipita. Wenzangu walipiga picha Karimjee na majoho yao, mimi nilikuwa nyumbani nabonyeza like.

Kwa hiyo:
- Sheria ya viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inataka jina la Kamishna wa Viapo (yule wakili anayekuapisha), mahali na tarehe. Kikikosekana kimoja, hati ina kasoro. Soma kabla hujaondoka ofisini kwake, hata kama ana haraka.
- Unaapa mbele yake. Usimtume bodaboda na karatasi!
- Hati ya kiapo ni ya kusema "majina haya mawili ni mtu mmoja". Kama unabadili jina kweli, hiyo ni deed poll, nayo inasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, Wizara ya Ardhi. Usichanganye.
- Panga vyeti vyote mezani LEO, kuanzia cha kuzaliwa, usome herufi kwa herufi. Usisubiri hatua ya nne kama mimi.

5. Usaili wa Baraza la Elimu ya Sheria. Nguo za heshima, na maadili ya uwakili yawe kichwani.

6. Unaapishwa, unaingia kwenye daftari la mawakili, unakuwa mwanachama wa TLS, chama cha mawakili wa Bara. Leseni inahuishwa kila mwaka.

MASWALI

Mzee wa Fursa: Mkuu, nikimaliza LLB naweza kufungua ofisi ya uwakili?

Jibu: Soma namba 2.

Mzee wa Fursa: Sisemi mahakamani. Kuwaandikia watu mikataba ya viwanja tu, elfu thelathini thelathini.

Jibu: Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kuandaa nyaraka za aina hiyo kwa malipo. Ni kosa la jinai. Sikupangii maisha, ila usiseme uzi huu ndio uliokuruhusu.

Binti Sayari: Shikamoo kaka. Baba mdogo ni wakili tangu 1998 na anasema hakukanyaga Law School. Ilikuwaje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Sheria ya Law School ni ya 2007, wanafunzi wa kwanza wakaingia 2008. Kabla ya hapo mhitimu alijifunza kazi kwa vitendo, kisha akakutana na Baraza la Elimu ya Sheria. Muombe akuonyeshe majalada yake ya zamani. Utajifunza uandishi kuliko kwenye vitini.

Mtoto wa Forodhani: Nikishaapishwa huko naweza kusimamia kesi Unguja?

Jibu: Uwakili wa Bara hauvuki bahari wenyewe. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na utaratibu wake wa kusajili mawakili. Anzia huko.

Leicester Boy: Na huku Uingereza je? Nataka kuwa solicitor, digrii yangu ni ya uhasibu.

Jibu: Uhasibu haukuzuii, digrii yoyote inakubalika. Tangu Septemba 2021 kuna mtihani unaoitwa SQE. Sehemu ya kwanza ni karatasi mbili za kuchagua jibu, maswali 180 kila moja. Ya pili inapima kazi yenyewe: kumhoji mteja, kuandika, kutetea hoja. Ongeza miaka 2 ya uzoefu wa kazi, unaweza kuikusanya sehemu hadi nne, halafu SRA, wasimamizi wa masolicitor, wanakagua tabia yako. Wakili aliyesajiliwa huku nyumbani hadaiwi ile miaka 2. Kumbuka tu huko solicitor (hasa anashauri wateja na kuandaa nyaraka) na barrister (hasa anasimama mahakamani) ni watu wawili, sisi wakili mmoja anabeba yote.

Mzee wa Fursa: Mkuu, joho ninunue au niazime?

Jibu: Leo umeuliza la maana. Joho azima. Kola nunua ya kwako, shingo hazifanani.