Jinsi ya kupasua mistari ya twende kilioni ikanyooka na ikalingana

Watu wakiona twende kilioni, ile mistari inayosukwa kutoka mbele kwenda nyuma, imekaa vizuri wanasifia msusi ana mkono mwepesi, lakini kazi kubwa ilishaisha kabla hajaanza kusuka, iliisha pale alipokuwa anapasua mistari. Ukipasua vibaya hata usuke vipi haitakaa, mstari mmoja mnene mwingine umekonda, na mwenye kichwa atatembea nayo wiki mbili nzima. Mi hili jambo naliumia kweli, maana kuna wasusi wanasuka vizuri sana af wanajiharibia hapo tu.

Kwanza nywele. Kipilipili kikiwa kimejikunja huwezi kupata mstari, mkia wa kitana unakwama na nywele za upande huu zinarudi upande ule. Osha vizuri, paka mafuta kidogo zikiwa bado zina unyevu, chana na chanuo la meno mapana ukianzia nchani unarudi kwenye shina taratibu, af zinyooshe. Mwenye draya apige draya, ila mi napenda uzi, unafunga mabutu ya uzi jioni mtu analala nayo, asubuhi ukifungua zimenyooka bila moto wowote, na kwa watoto ndo nakushauri hivyo kabisa.

Vifaa sio vingi: kitana cha mkia, vibanio kama sita, jeli, chupa ya kupulizia maji na sehemu yenye mwanga wa kutosha, kaa karibu na dirisha kama ni mchana. Mkia wa chuma unatoa mstari mwembamba kuliko wa plastiki ila usiusimamishe ukachimba ngozi, ulaze kidogo uteleze. Maji nayo usipulizie mengi, nywele za asili zikilowa zinajikunja upya na ile kazi ya uzi yote inapotea.

Sasa kabla hujagusa kichwa amua idadi. Ukitaka njia, yaani ule mstari wa ngozi unaotenganisha suko na suko, ipite katikati ya kichwa basi mistari iwe shufwa, mfano 8, nne huku nne huku. Ukitaka mstari wenyewe ndo ukae katikati basi iwe 7 au 9. Wengi hawaamui, wanaanza tu sikioni wanakata mmoja mmoja kwa macho mpaka wafike sikio la pili, na hapo mwishoni lazima kitabaki kipande ambacho ni kikubwa kwa mstari mmoja na hakitoshi miwili.

Dawa yake ni kugawa nusu kwa nusu. Tuseme ni 8. Mwambie akae wima, aangalie mbele, asiinamie simu, maana kichwa kikilala kidogo tu mstari utaonekana umenyooka wewe ukiwa umesimama pale af akiinuka umepinda. Weka mkia wa kitana usawa wa ncha ya pua, vuta hadi utosini, shuka mpaka kwenye kile kishimo cha kisogoni, kwa mkupuo mmoja bila kunyanyua mkono. Umepinda? Usirekebishe kipande, changanya nywele zote uchore upya, kiraka huwa kinaonekana. Paka jeli kidogo kwenye njia, laza nywele kila upande, bana. Af ile nusu ya kulia igawe katikati, umepata robo mbili, kila robo igawe tena katikati, hapo una minne. Hamia kushoto ufanye vilevile, ila kila ukichora njia ya kushoto rudi mbele uilinganishe na mwenzake wa kulia, zianzie umbali sawa kutoka katikati.

Na usilazimishe mistari iwe na upana uleule kuanzia mbele mpaka nyuma, kichwa ni duara. Angalia mistari ya tikiti maji, imetanuka katikati af inabanana kwenye ncha, na kichwa ndo hivyohivyo, utosini inatanuka kidogo ikifika kisogoni inakusanyika. Kinachotakiwa ni itanuke yote sawa na ibanane yote sawa.

Pale mbele kwenye malaika naomba tuelewane. Zile nywele laini za kwenye paji usizifukuzie uziingize zote kwenye mstari, ziache. Zikivutwa kila mara zinakatika, na ikiendelea miaka zinaacha kuota kabisa. Ukiona vipele vidogo vinatoka kwenye mzizi baada ya kusuka ujue umebana sana, fumua.

Kama ni rasta za boksi, zile unazogawa nywele vipande vya mraba, kuna tofauti moja ya muhimu, unaanzia kisogoni unapanda, na boksi za mstari wa juu zikae kama fundi anavyopanga matofali, kiungo cha juu kisiangukie juu ya kiungo cha chini. Hivyo rasta ya juu inafunika njia ya chini na ngozi haionekani sana. Upana wa kidole cha shahada ni saizi nzuri ya kati, ila mbele na pembeni punguza kidogo, na nywele za bandia nazo punguza, shina dogo lisibebe mzigo mkubwa.

Ukiwa unajisuka mwenyewe tumia vioo viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, na kwa nyuma amini vidole kuliko macho, kidole kimoja utosini kingine kwenye kile kishimo af chora kati yake. Ukimaliza kupasua chukua simu piga picha kwa juu na kwa nyuma kabla hujasuka hata mmoja. Kosa utaliona palepale kwenye picha, na muda huo kulirekebisha ni dakika mbili, ukishasuka mistari mitatu hutakuwa na moyo wa kufumua.