Mtoto wa darasa la kwanza na hela ya kula

Mwenye mtoto wa awali au darasa la kwanza, usimpe noti ya elfu mbili aende nayo shule. Kengele ya mapumziko ikilia, mama wa mihogo anazungukwa na watoto thelathini kwa mpigo, na chenji ya mdogo asiyejua kudai ndiyo inayosahaulika. Mpe sarafu zinazotosha anachonunua, basi.

Kama bado hasomi tarakimu vizuri, mfundishe kwa wanyama walioko nyuma ya sarafu zetu za Tanzania: kifaru ni hamsini, swala ni mia, simba ni mia mbili, nyati ni mia tano. Watoto wanashika wanyama haraka kuliko namba. Jioni mcheze duka: wewe muuzaji, yeye mnunuzi. Andazi ni simba mmoja, katoa nyati, anarudishiwa nini? Mpunje makusudi uone kama atashtuka. (Wangu sasa ananidai hata pale ninapomrudishia sawasawa.)

Sarafu mfungie kwenye kimfuko chenye zipu ndani ya begi. Mfuko wa kaptula huwa umetoboka siku zote. Asubuhi mkubaliane kabisa ananunua nini, kwa sababu akifika pale bila mpango hela yote itaishia kwenye ubuyu na barafu za rangi. Muhogo, karanga au ndizi vitamfikisha mchana. Na siku moja pitia mwenyewe umsalimie huyo mama, umwoneshe mwanao. Akishamjua, hata chenji ikikosekana atamwekea hadi kesho.