Kompyuta ya kawaida inahitaji kujua njia za mtandao? Ndio, ila chache tu

Watu wengi wanadhani mambo ya ruti (njia ambazo data inapita kwenda mtandao mwingine) ni ya ruta, kile kifaa kinachounganisha mitandao, peke yake, kompyuta ya mezani haihusiki, kumbe kila kifaa chenye IP kina jedwali lake la ruti, hata simu yako. Kulicheki ni rahisi: Windows fungua cmd andika route print, Linux ni ip route, Mac ni netstat -rn.

Mistari ya kuangalia ni miwili. Tuseme IP yako ni 192.168.1.20, maski 255.255.255.0 (maana yake namba tatu za kwanza za IP ndizo za mtandao wenu). Mmoja unasema 192.168.1.0 iko hapa hapa, yaani ukiprinti kwenye printa yenye 192.168.1.50 kompyuta inauliza kwa ARP (swali linalotumwa kwa vifaa vyote vya mtandao huo) nani mwenye hiyo IP, akijibu inampelekea mwenyewe, getiwei (ruta ya kutokea nje ya mtandao wako) haiulizwi. Mwingine ni 0.0.0.0 (Linux na Mac zinauandika default), maana yake vingine vyote mpe getiwei, mfano 192.168.1.1. Basi. Yote hayo DHCP (huduma inayogawa IP kwa vifaa) inakuletea ukichomeka tu kebo au ukiingia waifai, kwa hiyo usihangaike kujaza kwa mkono, na OSPF (lugha ya ruta kuambiana njia) waachie ruta wenyewe, PC ya mhasibu haina kazi nayo.

Kazi inaanza ofisi ikiwa na ruta mbili, moja ya intaneti na nyingine, tuseme 192.168.1.254, inayokwenda tawi la pili lenye 10.20.0.0. Hapa wengi wanajaza difoti getiwei mbili kwenye PC, na mimi nakataa kabisa, maana Windows inafuata yenye metriki (namba ya gharama ya njia) ndogo, haijui tawi liko upande gani, matokeo yake leo inafika kesho haifiki. Getiwei iwe moja, halafu njia ya tawi iandike kwenye ruta ya intaneti, mara moja, PC zote zinafaidika.

Kama hiyo ruta huna paswedi yake, fungua cmd kama administreta kwenye PC:

route -p add 10.20.0.0 mask 255.255.0.0 192.168.1.254

Hiyo -p usiisahau, bila hiyo ukiristati ruti inapotea. Kisha jaribu tracert -d (amri inayoonyesha ruta zinazopitwa njiani) kwenda mashine yoyote ya tawini, hop ya kwanza, yaani ruta ya kwanza, lazima iwe 192.168.1.254, ukiona 192.168.1.1 ujue ruti haijashika. Ikishika na bado kimya, angalia ruta ya tawini kama inaijua 192.168.1.0, maana majibu nayo yanahitaji njia ya kurudi.