Jinsi ya Kupima Pete za Vitunguu Hotelini

Nimesimama mbele ya karai la mafuta miaka mingi, kwenye majiko ya hoteli za Arusha na Moshi. Nikiingia hoteli nisiyoijua, chakula cha kwanza kuagiza ni pete za vitunguu, zile za kuvikwa rojo la unga na kukaangwa. Ni kitunguu, unga, mafuta na chumvi tu, kwa hiyo mpishi akikosea utaona.

Hatua ya 1: Ziagize peke yake
Ukiziagiza pamoja na nyama ya kuchoma zitaisubiri nyama, na mvuke wa pete zenyewe utazilainisha. Mwambie mhudumu: "Dada, naomba uniletee zikitoka tu kwenye mafuta."

Hatua ya 2: Tazama ukubwa
Tabaka la nje la kitunguu ni kubwa, la ndani ni dogo, kwa hiyo pete zilizokatwa jikoni hazilingani. Zikilingana zote kama bangili, huenda zimetoka kwenye boksi la friza. Vunja moja. Kuna zinazotengenezwa kwa kitunguu kilichokatwakatwa kikafinyangwa duara. Humo hutakuta tabaka zima.

Hatua ya 3: Ng'ata, kisha vuta taratibu
Kipimo chenyewe ndicho hiki. Pete nzuri hukatika mara moja, koti la rojo na kitunguu pamoja. Mbaya, kitunguu chote huchomoka kikakuunguza kidevu, na mkononi ukabaki na ganda tupu.

Mara nyingi chanzo ni ule utando mwembamba, kama karatasi ya nailoni, ulio upande wa ndani wa kila tabaka. Unateleza, na kitunguu chenyewe hakikatiki vizuri ukiwepo. Ukiloweka pete kwenye maji ya barafu utando hulegea, ukautoa kwa ukucha. Kijana mmoja jikoni aliona ni kupoteza muda. Nikachukua pete mbili za kitunguu kimoja cha Mang'ola, kule Karatu, moja nikaitoa utando, nyingine nikaiacha, zikaingia karai moja. Ya kwanza aliing'ata ikakatika. Ya pili ilimwachia ganda. Kesho yake nilimkuta ameinamia beseni, anatoa utando pete moja moja.

Sababu nyingine: kitunguu hakikufutwa maji wala kupitishwa kwenye unga mkavu kabla ya rojo, au kimekatwa kinene mno, koti likaiva huku ndani kukiwa bado kubichi. Mimi hukata sentimita moja.

Hatua ya 4: Yachunguze mafuta
Kandamiza pete kwenye tishu. Doa dogo ni kawaida. Tishu ikilowa, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha. Yakiwa karibu nyuzi 180 za Selsiasi, maji ya kwenye rojo hugeuka mvuke haraka na koti hukauka. Yakiwa na moto mdogo, koti huyanywa. Nusa pia. Harufu ya samaki au uchungu unaobaki kooni ni dalili ya mafuta yaliyorudiwa mno.

Hatua ya 5: Chumvi
Iwe imeshika kwenye koti, siyo imelala chini ya sahani. Hunyunyizwa pete zikiwa bado za moto.

Hatua ya 6: Bakisha moja
Isubiri dakika tano. Iliyokaangwa vizuri bado itavunjika kwa mlio.

Zikiwa mbaya, zirudishe kwa adabu na utaje kosa lenyewe: "Kitunguu kinachomoka, mwambie mpishi atoe utando." Mpishi anayeipenda kazi yake atakuletea sahani nyingine.